Uzoefu wangu na chujio la mvuke wa injini kwenye lori la dizeli la zamani

Wakuu, naandika hii kwa mwenye lori la dizeli la zamani ambaye bomba la kupumulia la injini limeanza kutoa moshi, oili inadondoka chini kila akipaki, na kila fundi anamwambia lake. Mimi nimefunga chujio la mvuke wa injini, lile kopo lenye filta ya nyuzi ndani. Mpira mmoja unatoka tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, unaingia kwenye kopo, wa pili unatoka kwenye kopo unaenda kwenye bomba la hewa kabla ya turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, na wa tatu mwembamba unarudisha oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nimeshatembea nalo na mzigo, milimani, kwenye vumbi na kwenye baridi, na filta ya ndani nimeshaibadilisha. Linafanya kazi na ningelinunua tena, ila kuna mambo ya kufanya kabla hujatoa hela na hayo ndo nataka kuyakazia, maana kwenye karatasi ya maelezo iliyokuja kwenye boksi hayamo kabisa.

Kwa asiyejua, hakuna ringi ya pistoni inayobana kabisa kabisa. Dizeli inakandamiza hewa mara 16 mpaka 20 na kitu, halafu mlipuko unakuja juu ya hapo, kwahiyo pistoni ikisukumwa chini kuna gesi kidogo inapenya pembeni ya ringi inaingia kwenye sampu, ndo hiyo mafundi wanaita blobai. Imebeba masizi, imebeba vitone vidogo sana vya oili, imebeba na maji, maana lita moja ya dizeli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, mengi yanatokea ekzosti ila kiasi fulani kinapita huku. Gesi hii lazima itoke. Isipotoka presha inapanda ndani ya injini na inatafuta palipo dhaifu, inaweza kuwa sili ya nyuma ya krankshafti, gasketi ya tapeti kava, au unakuta kijiti cha kupimia oili kimesukumwa juu na kimelowa chote. Halafu kuna turbo. Oili inayolainisha shafti ya turbo inarudi kwenye sampu kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta, sasa presha ya sampu ikiwa juu oili inashindwa kushuka, inajaa pale kwenye turbo na kupenya kwenye sili zake, lori linaanza moshi wa bluu na mwenye mali anaambiwa turbo imekufa. Ananunua turbo nyingine, inafungwa, na moshi unarudi vilevile. Inaniuma kila nikiona mtu anabadilishiwa turbo au anashushiwa gia boksi ili sili ya nyuma iwekwe mpya wakati hakuna aliyegusa bomba la kupumulia hata kuangalia kama limeziba.

Malori ya zamani mengi hayana ufundi wowote hapo, bomba linatoka tapeti kava au pembeni ya bloku linashuka mpaka chini ya injini na kumwaga hewani. Ya petroli yanavuta mvuke wake kwa nguvu ya manifoldi kwa sababu kuna kipepeo kinachobana hewa, dizeli ya zamani haina kipepeo hicho, kwahiyo pa kuvutia ni kabla ya turbo tu. Marekani ni kanuni za malori za mwaka 2007 ndo ziliondoa ile ruhusa ya dizeli zenye turbo kumwaga mvuke nje bila kuhesabiwa kama uchafuzi, ndo maana injini nyingi za baada ya hapo unazikuta na filta hii kiwandani na za nyuma yake nyingi hazina. Langu ni silinda 6, turbo, pampu ya mafuta ya kimakanika, hakuna kompyuta ya kukwambia kitu, kwahiyo kupima ni kazi yako mwenyewe.

Na kupima ndo kwanza. Ile ya kufungua kifuniko cha oili, kukigeuza na kukilaza juu ya tundu injini ikiunguruma uone kama kinarushwa, inatoa picha tu, kwenye injini nyingine kinachezacheza kwa sababu ya upepo wa roka, zile mikono inayosukuma vali chini ya tapeti kava, wala siyo presha. Mimi nilichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaukunja kama herufi U kwenye ubao, nikamimina maji yenye rangi kidogo mpaka nusu, ncha moja nikaifunga vizuri kwenye tundu la kijiti cha oili na nyingine nikaiacha wazi. Injini ikiwa imezimwa maji yanakaa sawa pande zote. Ukiwasha, upande wa wazi ukipanda kuna presha, upande wa injini ukipanda kuna mvuto, na tofauti ya urefu kati ya pande mbili ndo kipimo chako, milimita 25 za maji ni kama kilopaskali 0.25, yaani ni vitu vidogo ambavyo geji ya kawaida haivioni kabisa. Acha mpira uwe mrefu na uupandishe juu ili maji yasije yakavutwa yakaingia kwenye injini, na injini iwe imepata moto ndo usome. Halafu ulinganishe na kitabu cha injini yako, kila injini ina kiwango chake. Kusoma imepaki haitoshi kwa sababu blobai kubwa inakuja na mzigo, kwahiyo mpira niliuingiza mpaka kabini, mwenzangu akaushika anasoma huku napandisha mlima.

Hapo tukaona kitu ambacho kilinifanya niache haraka ya kufunga kopo. Maji yalikuwa yanapanda vizuri tu, halafu ghafla yanashuka, bila mimi kubadili mguu, halafu baada ya breki kadhaa yanapanda tena. Mwenzangu ndo aliunganisha, yanashuka kila tangi za upepo wa breki zikijaa. Kompresa ya breki inapata oili kutoka kwenye injini na oili yake inarudi kwenye injini, kwahiyo ringi zake zikilika upepo inaokandamiza unavuja kuingia kwenye sampu kuongezea ile gesi ya silinda, gavana ya upepo ikikata kompresa inapumzika na presha inashuka. Nikaifanyia ringi mpya kompresa kwanza, nikapima tena, ikabaki blobai ya injini peke yake ambayo kwa umri wake ilikuwa ndani ya kiwango. Hapo sasa nikajua chujio nitakalofunga linapewa kazi inayolingana nalo. Kipimo kingekuwa bado kiko juu nisingenunua, ningepeleka hela kwenye kupima kompresheni silinda kwa silinda, maana chujio haliponyi ringi. Turbo iliyolika nayo inaweza kupenyeza presha kwenye sampu kupitia njia yake ya oili, hilo nalo liangalie kabla.

Kuhusu kununua. Yapo makopo matupu, yapo yaliyojazwa sufu ya chuma, na yapo yenye filta ya nyuzi za kioo. Matupu sikuyagusa kwa sababu vitone vinavyotoka kwenye sampu vingi ni vya maikroni chache au chini ya maikroni moja (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), vinaelea na hewa kama moshi na vinapita moja kwa moja. Ya sufu ya chuma nayaogopa zaidi, uzi mmoja ukikatika unaenda kwenye turbo na bapa za turbo zinazunguka kasi kubwa mno. Filta ya nyuzi kazi yake ni kuvifanya vitone vigandane, vikikua vinakuwa vizito vinateremka chini ya kopo na kurudi kwenye injini. Angalia kopo liwe na vali mbili, moja ya kubana mvuto ili turbo isinyonye sampu kupita kiasi, na nyingine ya kufunguka filta ikiziba ili presha isirudi kwenye injini. Na saizi ilingane na lita za gesi kwa dakika ambazo injini yako inatoa.

Sasa kufunga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kazi yote inafia kwenye ule mpira mwembamba wa kurudisha oili. Ndani ya kopo kuna mvuto kidogo kwa vile limeungwa kabla ya turbo, kwenye sampu kuna presha kidogo, kwahiyo oili haitaki kushuka, inataka kupanda. Kinachoishusha ni uzito wake. Kila sentimita 10 za oili iliyosimama kwenye mpira zinakupa nguvu kama ya sentimita 8 na nusu za maji, kwahiyo kopo likikaa juu unapata urefu wa kutosha, likibanwa chini karibu na sampu oili inajaa kwenye kopo na inaishia kwenye turbo. Mimi nililifunga juu kabisa usawa wa tapeti kava, mpira unashuka bila kona, na mwishoni kuna vali ya njia moja. Na eya klina ikichafuka mvuto kabla ya turbo unaongezeka, oili inazidi kugoma kushuka, kwahiyo mwenye chujio hili asilegee na eya klina.

Kabla ya kuunga kwenye sampu niliacha oili iingie kwenye chupa inayoonyesha ndani, imefungwa isivute hewa, nione kinachotoka. Siku za joto ilikuwa oili nyeusi safi. Siku za baridi na safari fupi ilitoka ya rangi ya maziwa, maji na oili vimechanganyika, na ute huohuo unaukuta chini ya kifuniko cha oili watu wakadhani hedi gasketi imeungua. Angalia maji ya rejeta kwanza, yakiwa hayapungui na injini haichemshi, mara nyingi ni mvuke tu uliopoa ukawa maji. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda unaisha. Kwenye baridi kali hakikisha mpira wa mvuke hauna sehemu iliyobonyea chini, maji yakituama hapo yakaganda barafu umeziba pumzi ya injini.

Mipira yenyewe iwe ya kuhimili oili. Wa hita au wa rejeta usiutumie, ndani ya muda unavimba, unakuwa laini na kujikunja kwa ndani, nje unaonekana mzima kumbe njia imefunga. Na kama kopo umelifunga kwenye chasisi badala ya injini acha mipira iwe na ulegevu kwa sababu injini inatikisika.

La hatari nalisema bila kuzungusha. Ukishaunga mvuke kwenye njia ya hewa, oili ya sampu imepata mlango wa kuingia kwenye silinda. Oili ikizidi kipimo, au kopo likijaa, dizeli inaweza kuanza kuungua kwa oili yake yenyewe, inapandisha mzunguko na ukizima haizimi kwa sababu mafuta hayatoki kwenye pampu. Inayosimamisha ni kukata hewa kwa kitu bapa kigumu, usitumie mkono wala kitambaa, au kama ni gia ya mkono na uko ndani tayari, gia kubwa, breki zote, achia klachi. Wengine wakae mbali. Ndo maana oili siwezi kuizidisha alama ya juu hata kidogo tangu nifunge.

Matokeo. Chini ya lori pakavu. Harufu kabini imeisha, na hii sikuitegemea kuwa kubwa kiasi hicho. Oili ninayoongezea kati ya sevisi na sevisi imepungua waziwazi. Nikifungua bomba la kuingia turbo nakuta unyevu mwembamba wa kidole, siyo dimbwi, na mipira ya intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, haitoki oili ukiifungua. Sili ya nyuma ambayo ilikuwa inalia jasho imetulia bila kuguswa, ingawa hapo nadhani kompresa ndo ilichangia zaidi.

Filta haioshwi. Ya nyuzi ikiosheka kwa dizeli inaonekana nzuri ila nyuzi zimelala na masizi yamezama, ni kubadilisha tu. Wavu wa chuma wa kwenye tapeti kava za zamani ndo unaosha, dizeli, kukung'uta, kukausha, kurudisha. Na zile vali zenye kiwambo cha mpira usizimwagie dawa kali ya kusafishia kabureta, kiwambo kinakakamaa na kupasuka. Muda wa kubadilisha, injini ya Cummins ya lita 6.7 ya kwenye pikapu za Ram kitabu chake kinasema maili 67,500, kama kilomita 108,600, lakini hiyo ni injini iliyotoka kiwandani na mfumo wake. Injini iliyozeeka inatoa masizi zaidi, mimi kila sevisi narudisha ule mpira wa maji, presha ikianza kupanda kuliko mara ya kwanza nabadilisha bila kuangalia kilomita.

Malalamiko yangu. Mpira wa kurudisha oili uliokuja kwenye boksi ulilainika mapema nikautoa. Klipu ni zile nyembamba zenye meno zinazokata mpira. Bati la kushikilia kopo ni jepesi kwa mtikisiko wa dizeli, nililiongezea bati lingine nyuma. Kopo lenyewe, vali na filta sina neno, ila kwa lori jingine nitachukua saizi moja juu ya hii, na mipira na klipu nitanunua pembeni kabla hata ya kufungua boksi.