Krimu ya pilipili ya 0.025%: kwa goti itafaa, ila kaa mbali na jiko

Ukiulizia krimu ya pilipili kwenye duka la dawa hapa Mbeya, usibebe tyubu kwa sababu tu imechorwa pilipili nyekundu. Geuza usome viambato. Nyingine ni mentholi na methili salisileti tupu: zinanukia, zinapoza, basi. Tunayoipima hapa ni ya kapsaisini, yaani ule ukali wenyewe wa pilipili, ya 0.025%, gramu 30.

Kwa goti lililosagika, inafaa. Kwa nyonga usipoteze hela, kiungo kiko ndani mno.

Tatizo lake ni hesabu. Kila goti linataka kiasi cha punje ya njegere, mara 3 hadi 4 kwa siku, ukisugua mpaka weupe upotee. Magoti mawili yanamaliza tyubu kwa wiki mbili hivi, na nafuu nayo huanza kuonekana wiki ya pili, kwa wengine ya nne. Yaani inaisha ndiyo kwanza inashika. Chukua mbili au acha kabisa. Anayepaka mara moja tu, usiku, anavuna moto bila nafuu: neva haipati nafasi ya kuzoea, kila siku inaanza upya.

Moto wenyewe una sababu. Kapsaisini hufungua mlango uleule wa neva unaofunguliwa na joto la nyuzi 43 hivi. Kuugundua mlango huo ndiko kulikompa mwanasayansi David Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Sasa baridi ya Juni inavyouma huku, mtu anapaka, halafu anavuta kigoda kwenye jiko la mkaa au anaoga maji ya moto. Goti linawaka kama limemwagikiwa uji. Oga kwanza, ngozi ipoe kabisa, ndipo upake. Na usikaze bandeji juu yake.

Moto ukizidi, maji matupu hayasaidii, kwani kapsaisini haiyeyuki humo. Futa kwa mafuta ya kula, kisha sabuni na maji ya baridi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa jicho. Ukiwa umepaka vidole vyenyewe, subiri dakika 30 ndipo unawe. Penye kidonda, usiguse.

Ya 0.075% ni ya maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, vipele vikishakauka na kupona, na ya miguu inayowaka kwa kisukari. Huyu wa kisukari akaguliwe nyayo kwanza na daktari: mguu wenye ganzi hausemi kama una kidonda.

Zile chupa zisizo na lebo, pilipili kichaa iliyolowekwa kwenye mafuta ya alizeti, ziache. Ukali hukaa zaidi kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, na hauko sawa hata kwa pilipili za shamba moja. Chupa ya leo itakuwa pole, ya wiki ijayo itakutoa malengelenge.