Catalyst 2960 ya mtumba kwenye ofisi ya ghala la korosho, Mtwara: uzoefu wangu

Natumia swichi ya mtumba, Cisco Catalyst 2960-24TT-L (kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao kwa nyaya), kwenye ofisi ya ghala la korosho hapa Mtwara. Simu za IP, kamera za ulinzi na kompyuta za mizani, zote zinatokea kwenye ruta moja. Kwa kazi ya kupanga trafiki kwa vipaumbele ni swichi ya kuaminika sana, lakini si kwa mipangilio iliyotoka nayo kiwandani.

Amri ya kwanza ni `mls qos`, inayowasha QoS, yaani huo upangaji wa trafiki kwa vipaumbele. Ukiishia hapo, sauti inaharibika kuliko mwanzo: kila poti ambayo swichi haijaambiwa iamini alama zake inafuta DSCP (namba ya kipaumbele iliyoandikwa kwenye pakiti) na kuandika 0, hivyo pakiti ya simu yenye 46 inaangukia foleni ya 2 pamoja na masasisho ya Windows. Weka `mls qos trust dscp` kwenye poti za simu, za kamera na ya ruta. Kompyuta ziache zilivyo.

Foleni za kutokea ni 4. DSCP 40 hadi 47 huingia foleni ya 1, ambayo imebanwa tangu kiwandani: `shape` yake ni 25, maana yake 1/25 ya kasi ya poti, yaani Mb 4 kwa sekunde kwenye poti ya Mb 100. Ukiandika `priority-queue out` kibano hicho hakihesabiki tena, na foleni ya 1 inamalizwa kabla nyingine hazijaguswa. Kwa hiyo kamera zisipewe 46 kabisa, zitaziua foleni nyingine kwa njaa. Zipe 34, ziende foleni ya 4. Simu hazina hatari hiyo: moja ya G.711 (njia ya kawaida ya kusimba sauti) inakula takribani kb 87 kwa sekunde tu.

Jambo linalosahaulika zaidi: foleni hujipanga penye msongamano tu. Kifurushi cha intaneti kikiwa cha Mb 20 na ruta imechomekwa poti ya Mb 100, msongamano uko kwenye ruta na swichi haina la kufanya. `srr-queue bandwidth limit 15`, yaani asilimia 15 ya kasi ya poti, kwenye poti hiyo huuvuta ndani ya swichi. Kipimo ni cha kukadiria, na kinagusa data inayopanda tu. Usitumie poti za gigabiti hapa, kwa kuwa kima cha chini ni asilimia 10, sawa na Mb 100.

Haina PoE (umeme kupitia waya wa mtandao), simu zitahitaji adapta. Unaponunua, chagua ambayo jina lake linaishia na L; za S zimepunguziwa uwezo wa QoS. Kagua pakiti zinazopotea kwa `show mls qos interface fa0/24 statistics` (fa0/24 ni poti ya 24), kisha hifadhi mipangilio kwa `write memory` kabla umeme haujakatika.