CH341A na flashrom: kirekebishe volti kwanza

Kwa kuokoa kompyuta ambayo BIOS yake (programu inayoiwasha) imeharibika, au kuweka coreboot, mbadala huria wa BIOS, kwenye bodi iliyofungwa na mtengenezaji, kifaa kidogo cheusi cha CH341A, cha kusoma na kuandika chipu za BIOS kupitia USB, kinatosha, na flashrom, programu ya kazi hiyo, inakifahamu vizuri. Ila kisiguse bodi ya kompyuta kama kilivyotoka kwenye pakiti.

Kasoro ni volti. Soketi yake inalisha chipu ya BIOS volti 3.3 kupitia kidhibiti volti cha AMS1117, hivyo ukipima pini ya 8, ya umeme, peke yake utaona mambo shwari. Chipu ya CH341A yenyewe, iliyo ndani ya kifaa, hata hivyo, inatumia volti 5 za USB, na nyaya za data na za saa zinapanda kuelekea hapohapo. Chipu ya BIOS kama W25Q64FV imetengenezwa kwa volti 2.7 hadi 3.6. Ikiwa peke yake kwenye soketi mara nyingi huvumilia, lakini ikiwa bado imelehemewa kwenye bodi, volti hizo zinaingia mpaka kwenye chipseti (chipu kuu ya bodi), na chipseti ikiungua hakuna faili la kuirudisha.

Dawa ni kuinua pini ya 28 ya CH341A itoke kwenye pedi yake, kisha kuiunganisha, pamoja na pini ya 9, kwenye mguu wa katikati wa AMS1117, unaotoa 3.3. Usiiache pini ya 9: CH341A ikitumia volti 3.3, pini hizo mbili lazima ziwe pamoja. Ukimaliza, pima pini za data kwa mita. Hata matoleo yenye swichi ya volti yapimwe vilevile.

Soma pia jina la chipu hadi herufi ya mwisho. W25Q64FW ni ya volti 1.8, inahitaji adapta yake, na tofauti na FV ni herufi moja tu.

Kwenye Linux, lsusb ionyeshe 1a86:5512. Ukiona 1a86:5523, jampa (kiunganishi kidogo cha kuchagua hali ya kifaa) imewekwa upande wa siriali. Kabla ya kubana klipu inayoshika miguu ya chipu ikiwa bado kwenye bodi, toa chaja, betri na betri ya saa; waya mwekundu uende pini ya 1, yenye kidoa. Kisha:

flashrom -p ch341a_spi -r a.bin

Rudia na b.bin, halafu linganisha kwa sha256sum. Zikitofautiana, usiandike chochote. Chanzo huwa klipu iliyoteleza, waya mrefu, au bodi inayonyonya umeme uliokusudiwa chipu. Kufanana nako hakutoshi, maana faili mbili zilizojaa FF, yaani zisizo na data yoyote, zinafanana kabisa! Chipu ya megabaiti 8 itoe baiti 8,388,608, na kwenye bodi za Intel utafute alama ya baiti 5a a5 f0 0f kuanzia nafasi ya 0x10 ya faili. Kwenye ThinkPad X230, yenye chipu mbili, alama hiyo iko kwenye ile ya megabaiti 8. Usiitafute kwenye ya 4.

flashrom ndiyo inayokipa kifaa hiki thamani. Inasoma kilichomo, inafuta vipande vilivyobadilika tu, inaandika, kisha inahakiki. Ikigundua majina kadhaa yanayolingana na chipu, itakataa kuendelea mpaka uchague moja kwa -c, na hilo ni jambo jema. Bodi yenye chipu moja inaweza kuandikwa sehemu ya BIOS pekee kwa --ifd -i bios, bila kugusa sehemu ya GbE (ya kadi ya mtandao) inayohifadhi anwani ya MAC. Ndiyo maana kuweka faili zima la mashine nyingine ni kosa, hata kama modeli ni ileile: utambulisho wa mashine yako unafutika.

Udhaifu mwingine wa CH341A ni kwamba kasi yake ya SPI, njia inayowasiliana nayo na chipu, haipunguziki. Klipu ikiwa dhaifu, Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inaishinda wazi: pini zake ni za volti 3.3 tangu mwanzo, na kasi inashushwa kwa kuandika baada ya -p linux_spi:dev=/dev/spidev0.0,spispeed=1000, au hata chini ya hapo. Kwa hiyo CH341A iliyorekebishwa ni bora kwa chipu iliyong'olewa na kuwekwa kwenye soketi. Kwa kubana klipu juu ya bodi, tumia Raspberry Pi na nyaya fupi.