Sime ya Babu Imerudi Iking'aa Kama Kijiko cha Harusini

Wakati wa masika nilichomoa sime ya babu kutoka kwenye ala yake ya ngozi, nikakuta madoa ya kutu karibu na mpini, nikaipeleka kwenye karakana moja hapa Moshi inayojinadi kuwa inatunza silaha na vyombo vya kale. Niseme mapema kwamba mapokezi yalikuwa mazuri na bei haikuniumiza. Nilieleza, na ikaandikwa kwenye risiti, kwamba kutu itolewe kwa mkono tu, kwa stilwaya laini na mafuta ya cherehani, na kwamba ule weusi wa ubapa usiguswe.

Siku ya kuichukua, sime iling'aa kama kijiko cha harusini. Ilikuwa imepitishwa kwenye grenda. Karibu na mpini palikuwa na vishimo vitatu vya nyundo, ambavyo babu alizoea kuvipapasa kwa kidole gumba akisimulia jinsi alivyoinunua kwa wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu. Havipo tena. Nilipouliza, bwana wa kaunta alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mzee, si ulitaka kutu itoke? Imetoka."

Kutu hutoka, hata ikichukua wiki nzima ya kusugua polepole; alama ya nyundo ya mhunzi aliyekwisha kufariki haina wa kuirudisha. Isitoshe, walikuwa wameipaka mafuta ya kula, ambayo hukauka yakawa gundi ya kunasa vumbi, wakairudisha ndani ya ala na kuizungushia nailoni. Ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma, nailoni nayo huuzuia usitoke, na chuma kilichovuliwa weusi wake hakina hata ile kinga ndogo kilichokuwa nayo. Haikupita muda mrefu, kutu mpya ikachipua, safari hii kwenye ubapa mzima.

Kwa haki, kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa kuwa kwa miaka mingi niliiacha ndani ya ala ile ile, sandukuni, chini ya dirisha linalovuja. Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja mwanafunzi wa fundi, aliyenifuata hadi barabarani, akaniamkia, akasema, "Baba, ala uitundike peke yake, na ubapa usiushike kwa mkono mtupu, jasho lina chumvi." Kwa ajili yake nilikusudia kuwapa alama za wastani, na kuandika kwamba mwenye panga la shamba au kisu cha buchani aende tu bila wasiwasi.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika maoni haya niliporudi kaunta mara ya pili na risiti yangu mkononi. Yule bwana aliisoma, akakuna kichwa, kisha akanipa suluhisho: wataipaka sime rangi nyeusi, bure.

Alama za wastani nazifuta. Sime sasa iko kabatini, imepakwa mafuta ya cherehani na kufungwa kitambaa cha pamba, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ala inaning'inia ukutani, peke yake.