Uzoefu wangu na mkandarasi aliyeezua wodi ya wazazi huku wazazi wakiwa ndani

Paa halivuji. Naliweka hilo mbele asije mtu akasema nina chuki binafsi. Masika yote imepita juu ya wodi yetu na hakuna ndoo hata moja iliyotegwa katikati ya vitanda, jambo ambalo sisi wa zamani hapa kituoni hatukuwahi kuliona. Kenchi zimenyooka, papi zimepakwa dawa ya mchwa, kofia ya paa imekaa sawasawa. Kwa kazi ya mikono, vijana wale wanajua wanachofanya.

Sasa niseme lililonileta.

Mimi ni muuguzi mkunga kwenye kituo cha afya cha serikali huku ukanda wa pwani. Kituo hakifungwi. Shule husubiri likizo ya Juni au ya Desemba, ofisi ya kata inaweza kuhamia chini ya mwembe kwa wiki kadhaa, lakini uchungu wa kuzaa hauahirishwi. Kwa hiyo zilipokuja habari kwamba wodi ya wazazi itaezekwa upya, tulikaa kikao. Alikuwepo mganga mfawidhi, mhandisi wa halmashauri, wajumbe wa kamati ya kituo, mimi kwa upande wa wodi, na mkandarasi pamoja na msimamizi wake wa kazi. Tulikaa kutwa nzima, soda zikanywewa zikaisha.

Tulikubaliana hivi. Waanze na upande wa kulaza, wale waliokwishajifungua wahamie chumba cha kliniki ya watoto, na kliniki ifanyike barazani. Chumba cha kujifungulia kiwe cha mwisho, na kisiguswe mpaka tumeweka kitanda, taa na vifaa kwenye chumba cha upasuaji mdogo. Asubuhi waezue kile tu wanachoweza kukifunika kabla ya jua kuzama, na turubai liwe juu tayari, lisiwe linatafutwa mawingu yakishakusanyika. Mlango wa upande wa mwembe ufungwe, utepe uzungushwe, ndugu wa wagonjwa wapitie nyuma ya maabara. Mabati ya zamani yashushwe kwa kamba.

Hata popo tuliwazungumzia. Juu ya silingibodi yetu kulikuwa na kinyesi cha popo cha miaka na miaka, na vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Tukasema kilowekwe maji kwanza, kizolewe kwenye magunia, na chumba kiwe kitupu wakati huo. Msimamizi alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari lake. Nilimwona kwa macho yangu.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri, na niwe mkweli, niliwasifu. Upande wa kulaza ulifunguliwa ukafungwa bila mzazi hata mmoja kulowa. Jioni kulikuwa na fundi mzee, wote wanamwita Babu, anazunguka na sumaku ya spika aliyoifunga kwenye kijiti akiokota misumari ardhini, kwa sababu aliona akina mama wanapita na kandambili, wengine pekupeku. Hakuna aliyemwagiza. Siku zile ungeniuliza kuhusu mkandarasi huyu ningekwambia mpe kazi hata kesho.

Halafu ikaja asubuhi ile. Kusi ilikuwa imeshaanza kuvuma kwa nguvu. Nimeingia zamu, nina mzazi wa mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 7, anapumua vizuri, tunazungumza. Nikasikia nyundo. Nikadhani masikio yangu yananidanganya, kwa sababu sauti haikutoka upande wa kulaza, ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Kwenye shuka niliyoitandika muda mfupi tu uliopita likaanza kudondoka vumbi la kijivu, punje punje. Nikavuta khanga ya mama nikamfunika uso. Kisha msumari wa bati wenye kutu ukapenya kwenye ufa wa silingibodi ukaangukia ndani ya sinia la vifaa nilivyokwisha kuvitakasa na kuvipanga. Mkasi, vibanio vya kitovu, pamba, vyote vikawa havifai tena. Yeyote aliyefanya kazi kituo cha serikali anajua kifurushi cha kujifungulia kinapatikanaje, na anajua maana ya kukitupa kikiwa hakijatumika.

Nikamwachia mwenzangu mgonjwa, nikatoka nje na glovu zangu mkononi. Kumbe mabati mapya ya upande huo ndiyo yaliyotangulia kufika, basi wakaona waanze nao. Makubaliano yote ya kikao, daftari lote lile, yamefutwa kwa sababu ya mzigo uliofika mapema.

Nikamwita msimamizi kwa upole, na kwa umri wangu yule ni mwanangu kabisa. Nikamwambia, "Mwanangu, simamisheni kwanza, kuna mzazi humu ndani, niwaombe muda nimhamishe." Alikuwa amesimama juu ya papi, simu sikioni. Hakushuka. Hakuondoa hata simu sikioni. Akanijibu kutoka kule kule juu, mbele ya mafundi wake na mbele ya ndugu wa wagonjwa:

"Wewe nesi, shika kazi yako ya chini, ya juu tuachie wenyewe. Tukisimama kwa kila anayezaa hatumalizi."

Nimezalisha watu wa kata hii kwa miaka mingi, pengine na baadhi ya vibarua waliokuwa juu ya paa siku ile. Sijawahi kujibiwa vile na mtu aliyekuja kufanya kazi kwenye nyumba yetu. Angekuwa amechoka, ningeelewa. Angeshuka tukabishana uso kwa uso, ningesahau kufikia jioni. Lile la kubaki juu na kunizungumzia utosini ndilo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashindwa kulala.

Na hapo hapo, uso wangu ungali juu, bati likaachiwa. Kamba tuliyokubaliana ilikuwa imeviringwa pembeni ya ngazi, haijaguswa. Bati la mita 3 lina uzito wa kilo kadhaa, na kingo zake zilizoliwa na chumvi ya bahari zimejaa meno. Kusi ililipokea likapeperuka kama tanga lililokatika kamba, likaenda kutua kwenye benchi la chini ya mwembe, mahali wanapokaa bibi na shangazi wakisubiri habari kutoka ndani. Utepe haukuwepo. Bibi mmoja alikuwa amenyanyuka kwenda kuchota maji. Beseni lake lilibaki kwenye benchi, lile la plastiki lenye nguo za mtoto atakayezaliwa, na bati likalipasua katikati, kofia na soksi za kichanga zikatawanyika mchangani.

Tafadhali mtu asiniambie kwamba hakuna aliyeumia.

Aliyeshuka ni Babu. Hakumsubiri msimamizi amruhusu. Akaja mpaka niliposimama, akavua kofia, akasema, "Sista, tusamehe. Mhamishe mgonjwa wako, hapagongwi kitu mpaka uniambie." Akawapazia sauti vijana, nyundo zikanyamaza zote. Akavuta turubai yeye mwenyewe akafunika pale palipokuwa wazi. Tukamweka mama kwenye kitanda cha magurudumu tukamsukuma hadi chumba cha upasuaji mdogo, ambacho hakikuwa tayari kwa sababu zamu yake ilikuwa bado siku kadhaa mbele, tukapanga vitu huku tunakimbia. Alijifungua salama, na mtoto alilia mara moja.

Lakini hebu nieleze kwa nini nilikasirika kiasi kile, maana kuna waliosema nimekuza mambo. Chumba cha kujifungulia kinatakiwa kiwe na joto la nyuzi 25 au zaidi, na kisipitishe upepo. Mtoto anatoka akiwa amelowa, na akipigwa na upepo anapoteza joto upesi mno, mwili unapoa na hata kupumua kunakuwa shida. Kwa hiyo paa likiwa wazi wakati wa kusi, vumbi ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Haya tuliyasema kikaoni, na mtu akayaandika.

Na sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya hapa Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2003, inawalinda pia watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi inayofanyika. Yaani bibi wa chini ya mwembe yumo ndani ya sheria hiyo, na mzazi wangu yumo. Bango la mradi walilisimamisha siku ya kwanza, kubwa, limepakwa rangi nzuri. Utepe wa kuzuia watu wasipite chini ya paa linaloezuliwa, ambao bei yake sijui kama inafika bei ya chakula cha mchana cha vibarua, ulikuja baada ya mganga mfawidhi kupiga simu halmashauri.

Baada ya simu ile mambo yalibadilika, nikiri. Mhandisi alifika, kazi ikasimama siku nzima, utaratibu wa mwanzo ukarudishwa. Kinyesi cha popo kilizolewa kikiwa kimelowa, kwenye magunia, chumba kikiwa kitupu, kama tulivyopanga. Mkandarasi mwenyewe alikuja na beseni jipya na nguo za mtoto, akawapa wenyewe kwa mkono wake. Nilipoanza kuandika hapa nilikusudia kusema wapeni kazi, ila muwasimamie kwa karibu, na kila siku asubuhi kabla ya nyundo ya kwanza msimamizi apite wodini aulize nani yuko ndani. Kwa jengo tupu, bado nasema hivyo. Kwa nyumba yako unayojenga ambayo hakuna anayelala humo, wachukue, hutajuta.

Tatizo ni kwamba tunazungumzia awamu ya pili, na jina lao limetajwa tena.

Awamu ya pili ni jengo la wagonjwa wa nje, la zamani kabisa, na paa lake ni asbestosi, zile karatasi ngumu za saruji zenye nyuzi ndani. Hapo ndipo ninaporudisha maneno yangu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba aina zote za asbestosi husababisha saratani, na ugonjwa wenyewe hujitokeza miongo kadhaa baada ya mtu kuvuta vumbi lake. Karatasi ya asbestosi hailegezwi kwa nyundo. Inaloweshwa, inafunguliwa nzima, inateremshwa taratibu, inafungwa kwenye plastiki nzito mara mbili, na inapelekwa kama taka hatarishi, haitupwi jalalani wala haigawiwi watu wakaezekee banda la kuku. Wafanyakazi wanavaa barakoa maalumu, na jengo linakuwa halina mtu. Tena karatasi zilizozeeka hazibebi uzito wa mtu, fundi akikanyaga katikati ya papi anapita nayo hadi sakafuni.

Mtu aliyerusha bati kwenye upepo kwa sababu mzigo umewahi kufika atafanya nini na karatasi ile siku akichelewa? Ataipiga nyundo. Na safari hiyo hakutakuwa na msumari wa kuanguka kwenye sinia ili mimi nitoke nje nipige kelele. Vumbi lile huwezi kuliona, na foleni ya wagonjwa wa nje ina watoto wa chanjo.

Kwa hiyo hapana. Kamati imeniomba maoni kwa maandishi na nimeandika hapana. Kazi ya paa la wodi walipwe yote, na kipindi cha matazamio, kile cha kuangalia kama kazi ina kasoro, kikiisha wapewe na ile pesa iliyozuiliwa, kwa sababu paa ni zima na haki ya mtu ni haki yake. Jengo la wagonjwa wa nje wasipewe. Babu ndiye ningemchukua, hata kesho, awe msimamizi kwa mkandarasi mwingine yeyote, na nimeliandika hilo pia, ingawa najua kamati haiajiri fundi mmoja mmoja. Yule msimamizi hajaja wodini mpaka leo. Amepita getini mara kadhaa.

Aliye Pwani, Tanga au Lindi anayemjua mkandarasi aliyewahi kushusha asbestosi kwenye hospitali au shule, kwa utaratibu, na jengo likiwa limehamwa kweli, naomba aniandikie jina lake na mahali alipofanyia kazi, tukamwone na tuwaulize waliokuwa ndani. Kikao cha kamati ni kabla ya vuli.