TAHADHARI: Mbegu za "ashwagandha" za mtandaoni, nilizouziwa mimi zimeota sumu

Kama miezi hii umenunua mtandaoni pakiti ya mbegu iliyoandikwa "ashwagandha", na miche yako imetoa majani mapana yenye kingo za mawimbi, ukiyafikicha yana harufu nzito ya kukera, tafadhali usiyachemshe. Usiyakaushe, usiyatwange, usimpe mtu yeyote. Soma haya yaliyonikuta, kisha ukaiangalie miche yako upya.

Naishi Dar es Salaam, nyumba yenye kiwanja kidogo nyuma. Mwezi wa tatu, masika yakikaribia, niliamua kuotesha mimea dawa mwenyewe kwenye makopo na ndoo zilizotoboka. Sababu kubwa ni mdogo wangu, ambaye kwa muda mrefu halali vizuri usiku. Alikuwa amesikia habari za ashwagandha, ule mmea wa Wahindi ambao sasa kila kona unga wake unauzwa. Nikaona badala ya kununua unga usiojua umechanganywa na nini, bora niupande niuone kwa macho yangu.

Nikapata ukurasa wenye picha safi na wafuasi wengi. Walikuwa wanauza kifurushi cha aina kumi kwa shilingi 45,000: mlonge, mwarobaini, tangawizi, manjano, kitunguu saumu, pepaminti, rozmari, atemisia, habat soda na mchaichai. Ashwagandha ilikuwa peke yake, mbegu 15 kwa shilingi 20,000. Nililipa kwa simu kwanza, kesho yake bodaboda akaleta. Vipakiti vidogo vya nailoni vilivyobanwa kwa pini, majina yameandikwa kwa kalamu ya maka. Hapakuwa na tarehe, hapakuwa na asilimia ya uotaji, wala jina la aliyezalisha.

Siku ya saba mlonge ukaota. Mbegu nane kati ya kumi, miche imenyooka, inapendeza. Siku ya nane muuzaji akaniandikia ujumbe: "Vipi dada, mbegu zimeota? Tuwekee neno kwenye ukurasa, utapata punguzo." Nikapiga picha ya mlonge, nikasifia sana.

Naomba uishike siku hiyo ya nane, kwa sababu utapeli wote umejengwa juu yake. Mlonge ni mti rahisi kuota kuliko karibu kila kitu. Ukiwa na mbegu isiyozeeka sana, udongo wenye joto na maji ya kiasi, ndani ya wiki moja au mbili umeota. Kwa hiyo wanaweka mlonge wa kweli, kisha wanakuomba sifa kabla mbegu nyingine hazijapata muda wa kuonyesha kwamba ni za uongo. Nimepitia sifa zote zilizo kwenye ukurasa ule. Karibu kila picha ni mche wa mlonge.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza kugoma. Pakiti ya tangawizi na pakiti ya manjano zilikuwa na mbegu zilezile, ndogo, nyeusi, zinang'aa. Siku ya nne zikaota, wiki ya pili nikajua ni mchicha. Nilipaswa kujua tangu mwanzo, na ninaliandika hili ili mwingine asipite hapo. Tangawizi haipandwi kwa mbegu. Inapandwa kwa kipande cha tunguu lenyewe chenye jicho, lile unalonunua sokoni. Manjano ni tasa kabisa, na huo mmea umeenezwa kwa vipande vya tunguu miaka na miaka. Kitunguu saumu unapanda punje. Mchaichai unagawa shina, unang'oa chipukizi lenye mizizi kwa jirani na kulichomeka. Pepaminti ni chotara wa aina mbili za mnanaa, nayo ni tasa, kwa hiyo hupandwa kwa kipande cha shina kilichotiwa mizizi. Muuzaji yeyote anayekuuzia mbegu za pepaminti anakuuzia kitu kingine. Zangu nilipozilowesha zilivimba na kujifunika utelezi kama mayai ya chura, zikaota mrehani.

Habat soda walinipa mbegu za vitunguu maji. Hizi zinafanana kweli, zote nyeusi, zote zina pembepembe, na mtu mzoefu anaweza kudanganyika. Njia ya kuzitenganisha ni kusaga punje chache kwa meno au kwa kijiko. Habat soda ina harufu ya kiungo na ukali wenye uchungu, ambao mbegu ya kitunguu haina. Ukiiatika, kitunguu hutoka na uzi mmoja uliojikunja kama kiwiko, wakati habat soda hutoka na vijani viwili na baadaye majani laini kama manyoya. Na usiende mbali: habat soda ya dukani ambayo haijakaangwa huota. Jaribu kijiko kimoja kabla ya kumpa mtu maelfu.

Mwarobaini ulioza wote. Mbegu ya mwarobaini haikai. Ikishakomaa inapoteza nguvu ya kuota ndani ya wiki chache, kwa hiyo ile iliyokaa kwenye nailoni dukani miezi ni kuni tu. Na hii iliniuma zaidi, kwa sababu mtaani kwetu mwarobaini upo hatua arobaini kutoka mlangoni. Okota tunda la njano lililoiva, toa nyama yake, osha mbegu, ianike kivulini siku mbili tatu, atika. Bure.

Atemisia ndiyo ingewaumbua hata kabla ya kuotesha, laiti ningejua. Pakiti iliandikwa "mbegu 20" na kweli ningeweza kuzihesabu, zilikuwa na ukubwa wa ulezi. Mbegu ya atemisia ile ya Kichina, ambayo wengi huiita pakanga, ni vumbi. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Unazinyunyiza juu ya udongo laini bila kuzifukia, maana zinahitaji mwanga ili ziote, na unamwagilia kwa kupulizia maji ili zisichukuliwe. Hakuna anayekuhesabia ishirini. (Na wanaoitafuta kwa ajili ya malaria: Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani yake, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakitabiriki. Kapime, upewe dawa mseto.)

Rozmari haikuota hata mmoja. Hapo sitawalaumu sana, kwa sababu hata mbegu halisi ya rozmari huota kwa shida na kwa kuchelewa. Nunua mche, au omba tawi.

Hayo yote ni hasara ya fedha. Ashwagandha si hasara ya fedha.

Mbegu zake zilikuwa bapa, rangi ya kahawia hafifu, umbo la figo. Nililinganisha na picha mtandaoni, ashwagandha nayo ina mbegu bapa ya umbo la figo, nikatulia. Kitu ambacho sikukipima ni ukubwa. Mbegu ya ashwagandha ni ndogo, haizidi sana milimita mbili, na zangu zilikuwa karibu mara mbili ya hapo. Zikaota tisa. Miche ikakua haraka, minene, majani makubwa. Nilifurahi. Wiki ya saba nikamwandikia muuzaji nianze kuitumia lini. Akajibu: "Anza tu sasa, majani matano kwenye kikombe cha maji ya moto, usiku kabla ya kulala."

Nikachuma majani, nikayaanika kwenye ungo barazani. Jioni ile mdogo wangu angekunywa.

Mchana akapita bibi mmoja jirani yetu, mtu wa Handeni, alikuja kurudisha sufuria. Akasimama mbele ya ungo. Akachukua jani, akalifikicha, akanusa, akaniuliza, "Mwanangu, huu mnanaha umemwanikia nani?" Nikamwambia, "Hapana bibi, hii ni dawa ya usingizi ya Kihindi." Akaniambia, "Huyo atakayekunywa hii atalala, lakini kabla ya kulala atazungumza na watu wasiokuwepo." Akaniambia kwao unaota majalalani na pembeni ya mazizi, na wazee hawaruhusu mtoto auchezee.

Mnanaha, wengine husema mranaha, kitaalamu ni *Datura*. Afisa ugani wa kata aliuona akathibitisha. Mche mmoja niliuacha ndani ya ndoo nyuma ya uzio uliofungwa ili nisiwe na shaka, ukatoa ua jeupe refu kama tarumbeta, kisha tunda la mviringo lenye miiba. Ashwagandha haina hayo. Jani lake ni la yai, kingo zake laini bila meno wala mawimbi makubwa, lina vinyweleo vyeupe vinavyolifanya lionekane la kijivujivu. Tunda lake ni dogo, jekundu, limevikwa ganda jembamba kama karatasi. Na sehemu inayotumika zaidi ni mzizi, ambao huchimbwa baada ya miezi mitano au sita. Anayekuambia uchemshe majani ya mche wa wiki saba haujui mmea anaouza, au anaujua na hajali.

Mnanaha una sumu za atropini na skopolamini, tangu mzizi hadi mbegu. Aliyeula au kuunywa hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo hukimbia, ngozi inakuwa ya moto, mkojo unagoma, anachanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo. Anaweza kufa. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichochafuliwa na sumu ya jamii hii kiliua watu watano na kuwaugusha mamia. Walipewa uji. Hakuna aliyekuwa amekusudia mabaya. Ukiona dalili hizo kwa mtu aliyekunywa "dawa ya miche", usingoje ipungue yenyewe. Mkimbize hospitali na ubebe tawi la mmea ndani ya mfuko ili daktari aone.

Nilipomwandikia muuzaji na kumtumia picha ya ua, alisoma, hakujibu, akanibloku. Siku tatu baadaye ukurasa ulikuwa na jina jingine, picha ni zilezile. Baada ya wiki mbili jina limebadilika tena. Ndiyo maana sitaji jina hapa, lingekupotosha, ungeona jina tofauti ukadhani ni watu tofauti. Shika alama zao: kifurushi chenye mimea isiyo na mbegu, vipakiti vya nailoni visivyo na tarehe, na ujumbe wa kuomba sifa siku ya nane.

Wanaotaka kuendelea na kuotesha, na nawasihi msiache, chukueni mbegu kumi kwanza. Ziweke kwenye tishu iliyoloweshwa, ikunje ndani ya mfuko wa plastiki, iweke sehemu yenye joto, hesabu zilizoota. Kwa mbegu za miti kama mlonge na mwarobaini, Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wana kituo cha mbegu za miti Morogoro. Kwa mazao, angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye pakiti na uihakiki. Wa Kenya wana stika ya KEPHIS, shirika lao la kukagua mbegu na mimea, ambayo unakwangua na kutuma namba kwenda 1393. Mimea dawa mingi hutaikuta na lebo hizo, lakini Sheria ya Mbegu ya 2003 inamtaka muuza mbegu awe amesajiliwa, kwa hiyo una haki ya kumuuliza usajili wake. Akikasirika kwa swali hilo, mwache na mbegu zake. Namba ya simu iliyokutapeli unaweza kuituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na mimi nimeandikisha taarifa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mtakaofanya hivyo, hifadhini mazungumzo na muamala, msifute kwa hasira kama nilivyotaka kufanya mimi.

Ukigundua una mnanaha, vaa glavu au mfuko mkononi, ung'oe na mizizi, uufukie shimo refu mbali na watoto na mbuzi. Usiuchome moto, moshi wake nao una madhara. Osha mikono kabla ya kugusa macho.

Sasa naomba jambo moja. Zile sifa nilizoweka siku ya nane, chini yake dada mmoja aliniuliza kama kweli hawa watu ni waaminifu. Nikamjibu, "Nunua bila wasiwasi." Akasema yuko Mwanza na anaagiza ashwagandha kwa ajili ya mama yake mwenye presha. Ukurasa ulipobadilishwa jina maoni yote yalifutwa, na sikumbuki jina alilokuwa anatumia. Nimemtafuta kila nilipoweza. Kama uko Mwanza, au unamjua mtu wa huko aliyeotesha mbegu hizi kwa ajili ya mama yake, mpelekee ujumbe huu leo. Dada, kama ni wewe unasoma, usimchemshie mama. Niandikie hapa chini hata neno moja tu, nijue umeona.