Diski ya TB 4 inasoma GB 1678? Usimrudie muuzaji kwanza

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani nina diski ya TB 4, ile nene ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani, na makava mawili ya kuitia ili niichomeke kwa USB. Moja ni la zamani, USB 2.0, bati tupu, linauzwa mkononi mpaka leo hapa Arusha. La pili ni jipya, USB 3.0. Ninyi mnaoshuti harusi na send-off, na ninyi mnaoshuka kutoka Serengeti na kadi zimejaa video, hii inawahusu zaidi, maana diski kubwa mnanunua ninyi, halafu mnazitia kwenye kava lolote lililobaki ofisini.

Naanza na la zamani. Nawasha, nafungua Disk Management ya Windows. Tazameni namba hiyo pale: 1678.02 GB. Diski imeandikwa TB 4! Wengi wakifika hapa wanabeba mzigo moja kwa moja mpaka dukani: "Umenipiga, hii ni feki." Subiri kaka. Natoa diski ileile, natia kwenye kava jipya. Mnaona? 3726.02 GB. Diski haijabadilika hata kidogo.

Na hiyo 3726 isikutishe. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024, ndiyo maana hata diski ya TB 1 inasoma 931. Hiyo ni kamili, tusonge.

Sasa hizo GB nyingine zilikwenda wapi? Ndani ya kava kuna kibao kidogo chenye chipu inayopokea SATA, yaani mlango wa diski yenyewe, upande huu na kutoa USB upande ule. Chipu hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta diski ina sekta ngapi, yaani vile vipande vidogo vya kuhifadhia data. Za zamani nyingi zinashika namba hiyo kwa biti 32, na biti 32 mwisho wake ni sekta 4,294,967,296. Kila sekta ni baiti 512. Zidisha, unapata TB 2.2 hivi, ambazo Windows inazisoma GB 2048. Ukipita hapo hesabu inarudi sifuri na kuanza upya, kama mita ya bodaboda iliyopita 99999. Unachokiona kwenye skrini ni baki tu: 3726 toa 2048, ni 1678.

Kwa hiyo diski ya TB 3 kwenye kava la namna hii inasoma GB 746. Ya TB 6 inazunguka mara mbili, inabaki 1493. Ya TB 8 inazunguka mara tatu, inabaki 1308. Yaani umelipa hela nyingi zaidi na unaonyeshwa kidogo kuliko mwenye TB 4! Mimi waliounda makava haya siwalaumu sana. Diski za TB 3 zimeingia sokoni 2010. Kabla ya hapo nani angejisumbua?

Kuna mtego mmoja unaofanana na huu, na mafundi wengi wanauchanganya. Ukiwa na kava zuri lakini ukaianzisha diski kwa MBR, mfumo wa zamani wa kuigawa diski, badala ya GPT, ule mpya, unapata sehemu ya GB 2048 ya kutumia, na pembeni GB 1678.02 zimeandikwa "Unallocated", yaani hazijagawiwa. Namba ileile, ugonjwa tofauti! Angalia jumla ya diski upande wa kushoto. Ikisoma 3726, kava halina kosa. Ibadilishe iwe GPT, ila hamisha data kwanza. Ikisoma 1678 diski nzima, kosa ni la kava, na hata uformati mara ngapi haitabadilika.

Kibaya zaidi ni kava linaloonyesha ukubwa wote vizuri, halafu ndani linakata anwani za sekta. Unajaza video, unavuka TB 2.2, na data mpya inaanza kuandikwa juu ya mwanzo wa diski, pale inapokaa ramani ya mafaili yako. Harusi ya watu imeondoka hivyo. Ndiyo maana kava nisilolijua naliwekea diski tupu na kuendesha programu ya kupima diski, H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Inajaza diski yote halafu inasoma kila ilichoandika. Kwa TB 4 ni kazi ya saa nyingi, kwa USB 2.0 ni siku kadhaa. Iache ifanye kazi, na umeme uwe wa uhakika.

Jingine, haraka: yapo makava yanayoionyesha kompyuta sekta za baiti 4096 ili hata Windows XP iione diski kubwa. Ukiitoa diski humo na kuichomeka moja kwa moja kwenye SATA, inaonekana kama haijawahi kutumika. Windows itakuuliza kama unataka ku-initialize, yaani kuianzisha kama diski mpya. Usibonyeze! Irudishe kwenye kava lake, kopi mafaili yako, ndipo ufanye unavyotaka.

Hili jipya nalipenda. Lina adapta yake ya volti 12, na diski ya inchi 3.5 haiwaki bila hiyo, asikudanganye mtu na waya wa USB peke yake. Plastiki yake nyepesi na taa inaumiza macho usiku, basi. Ukinunua, usiangalie rangi ya bluu ya USB 3.0 tu, uliza chipu. Ukisikia JMS578 au ASM1153E, TB 4 na zaidi zinapita. Muuzaji asipojua, nenda na diski yako, ichomeke hapohapo kaunta, usome namba kabla hujatoa hela.

La zamani silitupi. Nina diski za GB 500 na TB 1 za laptop mbovu, linazisoma bila shida. Hata ya TB 2 inaingia, maana iko chini ya kikomo.